UZI: The King of Fighters kuanzia '94 hadi XV, na kwa nini roho yake ni wale watu watatu

#1 mtoto_wa_chumbageni (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye mjadala wa Street Fighter kuna mdau aliandika kuwa The King of Fighters (KOF), gemu ya ngumi ya timu za watu watatu, ni "Street Fighter yenye watu wengi tu". Nilitaka kumjibu palepale, nikaona nitaujaza uzi wa mwenzangu. Nafungua wangu. Gemu hii ninayo zaidi ya miaka ishirini, na naipenda kama watu wanavyopenda timu ya mpira ya nyumbani kwao.

Nianzie kibandani. Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kibanda chetu kilikuwa na TV tatu na PlayStation za kwanza. Malipo kwa mechi, anayefungwa anaacha pedi. Kwenye gemu nyingine za ngumi mtoto mgeni analipa, anapigwa raundi mbili, dakika chache tu yuko nje anachungulia mlangoni. Kwenye KOF '98 hela ileile inakupa watu watatu. Wa kwanza akianguka bado una wawili. Hata kama hujui kitu, wa kwanza anakufundisha, wa pili unajitetea naye, na wa tatu mara mojamoja anampiga mtu mzima kibanda kizima kikainuka. Mwenye kibanda akaona mechi zinakula muda, akabadilisha: KOF ikawa ya kulipiwa kwa dakika, nyingine zote zikabaki kwa mechi. Sisi watoto tulielewa mapema kwamba hiyo gemu ina kitu cha ziada.

Hicho kitu ndicho nataka kukieleza. Katika historia yote ya KOF, SNK wamebadilisha karibu kila kitu. Lakini kila walipowagusa wale watu watatu gemu iliyumba, na kila walipowarudisha ilisimama. Nitakwenda hatua kwa hatua. Mwenye swali aulize.

KOF imezaliwa Osaka, Japani, kwenye kampuni ya SNK. Mwaka 1990 SNK walitoa Neo Geo kwa sura mbili. Ya nyumbani iliuzwa Marekani kwa dola 649.99, bei ambayo wazazi wengi hawakuweza hata kuijadili. Ya pili ilikuwa mashine ya dukani iitwayo MVS. Hii ndiyo iliyowabeba, kwa sababu kabati moja liliweza kukaa na kaseti zaidi ya moja. Mwenye duka akichoka na gemu, anachomoa kaseti na kuweka nyingine, hanunui mashine upya. Kwa hiyo ikaingia kwenye maduka madogo ya mitaani kuanzia Mexico na Brazil hadi China, na huko ndiko mashabiki wakubwa wa KOF walikotokea.

Kufikia 1993 SNK walikuwa na gemu mbili za ngumi, Fatal Fury (1991) ya Terry Bogard na Art of Fighting (1992) ya Ryo Sakazaki. Walianza kutengeneza gemu ya kutembea mtaani ukipiga wahuni, na Terry na Ryo wakiwa pamoja. Ile gemu ikatupwa. Kilichobaki ni wazo moja lililowakaa moyoni: kikosi cha watu watatu. Wakalihamishia kwenye ulingo, na Agosti 1994 ikatoka The King of Fighters '94. Jina wala halikuwa jipya. Ndani ya Fatal Fury shindano analoliandaa Geese Howard linaitwa hivyohivyo.

Nakuja na '94 yenyewe.

#2 Fundi Pedi

Nimeweka kambi hapa mkuu. Swali kabla hujaendelea: si kweli kwamba SNK waliiga Capcom, wenye Street Fighter? Ryo na Ryu wao hata jina linafanana.

#3 mtoto_wa_chumbageni

Swali zuri, na jibu lake wengi hawalijui. Takashi Nishiyama ndiye aliyeongoza utengenezaji wa Street Fighter ya kwanza ya 1987 akiwa Capcom. Kisha akahamia SNK, na huko akaongoza kazi za Fatal Fury na wenzake. Kwa hiyo ukiona undugu kati ya zile gemu, ni undugu wa damu kabisa. Fundi mmoja alijenga nyumba mbili.

Sasa '94. Timu nane, kila moja ikibeba bendera ya nchi. Japani ilikuwa na Kyo Kusanagi, Benimaru Nikaido na Goro Daimon, wote wapya. Italia walikaa Terry, mdogo wake Andy, na Joe Higashi. Mexico akina Sakazaki. Brazil wanajeshi wa Ikari Warriors, gemu ya risasi ya 1986, ambao hapo nyuma hawakuwahi kurusha ngumi ya ulingoni. China alikuwepo Athena Asamiya na wenzake wa Psycho Soldier ya 1987. Uingereza wanawake watatu: Mai, King na Yuri. Korea akina Kim Kaphwan. Marekani wanamichezo: bondia, mcheza kikapu na mcheza mpira wa Kimarekani.

Hapa pana jambo la kulitazama kwa makini. Hadithi ya Art of Fighting inatokea mwishoni mwa miaka ya 1970, na ya Fatal Fury miaka ya tisini. Kwa hesabu ya kawaida, Terry angekutana na Ryo ambaye ni mtu mzima kabisa. SNK wakaamua kuvunja kalenda: wote rika moja, ulingo mmoja. Uamuzi huo wa kuacha hesabu za miaka ndio uliofungua mlango kwa kila kitu kilichofuata. Mwaka 1996 ukaona Geese Howard, Wolfgang Krauser na Mr. Big, mabosi watatu wa gemu tofauti, wamesimama kama timu moja. Kwa aliyewajua mmojammoja, ile skrini ya kuchagua wachezaji peke yake ilikuwa zawadi.

Na bosi wa '94? Rugal Bernstein. Ana meli ya kubeba ndege za kivita, na waliopigwa naye anawageuza masanamu ya chuma. Raundi ya kwanza anacheza na koti. Ukimshinda, anavua koti. Niwaambie ukweli wakuu, nilipoona lile koti linavuliwa mara ya kwanza mikono ilikufa ganzi.

Kasoro ya '94 ni kwamba timu zilifungwa. Ukimtaka Kyo, lazima uchukue na Benimaru na Daimon. Mwaka uliofuata wakaruhusu kuchanganya: chukua mtu yeyote kutoka timu yoyote. Hapo KOF ikawa KOF. Timu ya Marekani ikatolewa, na ikaja timu mpya iliyomleta Iori Yagami.

#4 Bahari254

Iori! Mimi ni wa Mombasa, na mtaani kwetu Iori alikuwa na foleni yake. Watu walikuwa wakikatazana: jana ulimchukua wewe, leo zamu yangu. Ule moto wa zambarau, zile suruali zilizofungwa kamba magotini, na kile kicheko akimaliza mtu. Tafadhali ndugu yangu usimpite haraka.

#5 mtoto_wa_chumbageni

Simpiti, Bahari.

Ukoo wa Yagami na ukoo wa Kusanagi wana uhasama wa miaka 660. Zamani walikuwa upande mmoja, pamoja na ukoo wa tatu wa Chizuru Kagura, na ndio waliomfunga Orochi, ile nguvu ya kale ya uharibifu. Yagami wakafanya mapatano na Orochi ili wapate nguvu. Moto wao ukageuka zambarau na maisha yao yakawa mafupi. Kyo ana moto mwekundu na kiburi cha mtoto aliyezaliwa na kila kitu. Iori hataki kombe wala dunia, anamtaka Kyo tu. Uhasama huo ulibeba '95, '96 na '97, na mwisho wake Kyo, Iori na Chizuru wanalazimika kusimama bega kwa bega mbele ya Orochi. Watatu tena. Waandishi wa hadithi walielewa gemu yao imejengwa juu ya nini.

Kwa upande wa uchezaji, '96 ndiyo iliyobadilisha miguu ya KOF. Kabla yake ulikuwa unapiga hatua na kukwepa pembeni. '96 ikaleta kukimbia, kubiringita, na ule mruko mfupi. Mruko mfupi ndio unaoitofautisha KOF na Street Fighter kuliko kitu kingine chochote, na hapa namjibu yule mdau wa juzi. Kwenye Street Fighter mtu akiruka una nafasi ya kumtungua. Kwenye KOF anaruka chini kabisa, kwa kasi, na teke linafika kabla hujaamua. Ukijenga ukuta wako nyuma, anakuja juu yake. Ndiyo maana mashabiki wa KOF wanacheza kwa kushambulia: gemu inamlipa anayesogea.

'97 ikafunga hadithi ya Orochi, na China ikawa kama dini. Kwenye kumbi za mashine za sarafu huko watu waliendelea kuicheza '97 miaka na miaka baada ya matoleo mapya kutoka.

Halafu '98. Hapa mnisamehe, nitakaa.

'98 haina hadithi. SNK walisema tu: leteni watu wote. Rugal aliyekwishakufa karudi. Timu ya Marekani iliyoondolewa '95 imerudi. Heidern, Takuma na baba yake Kyo, Saisyu, wamewekwa timu moja ya wazee. Kwa kuwa hadithi haikuwepo, nguvu zote zilikwenda kwenye kuwasawazisha wachezaji na kunoa mapigo.

Na ndani yake kuna kanuni ambayo kibandani tuliijua kwa vidole kabla ya kuijua kwa maneno. Kwenye Advanced, mmoja wa mitindo miwili ya kuchagua, mchezaji wako wa kwanza anaweza kuhifadhi mafungu matatu ya nguvu. Wa pili manne. Wa tatu matano. Maana yake aliyebaki peke yake ndiye anayeweza kubeba akiba kubwa kuliko wote. Unayemtanguliza anatakiwa awe mtu wa kupigana bila kutegemea supa, yale mapigo makubwa yanayokula akiba, na unayemweka mwisho awe anayejua kuitumia akiba. Aliyeshinda raundi anarudishiwa damu kidogo tu, kwa hiyo akikutana na wa pili wako amekwishachoka. Mpangilio ukawa vita kabla ya vita. Mtaani kwetu kulikuwa na kaka mmoja, alikuwa anamweka Goro Daimon mwisho kila siku, wala hafichi. Unamjua anakuja, umemwandalia dawa, na bado anapiga ardhi na kiganja unaanguka, anakushika kola, anakubwaga. Watoto tulikuwa tunakaa chini kumtazama tu.

Ukipigwa hadi ukapata kizunguzungu, au ukishikwa, wenzako waliosimama pembeni mwa ulingo wanaweza kuruka ndani kukuokoa. Jambo dogo hilo, lakini liliwafanya wale wawili wa pembeni waonekane wapo kweli, wanangoja, wanaangalia.

#6 Kula_Barafu

Mkuu nakuheshimu lakini nahisi unaelekea kuiponda '99 na 2000. Mimi nimekulia hizo. K' ni bora kuliko Kyo, Kula Diamond ndiye mchezaji wangu wa maisha, na wale wasaidizi wa kuita walikuwa na raha yake. Usitufute.

#7 mtoto_wa_chumbageni

Siwafuti hata kidogo, na K' ni mmoja wa wahusika bora waliowahi kuchorwa pale SNK. Kijana aliyepandikizwa moto wa Kyo kwa nguvu, anaichukia nguvu yake mwenyewe, anavaa glovu ili isimteketeze. Hadithi ya kundi la NESTS, kuanzia '99 hadi 2001, ina uzito wake. Ninalolisema ni la mfumo.

'99 ilileta mtu wa nne, ambaye hapigani. Unamwita, anaingia, anapiga, anatoka. 2000 ikapanua hilo, na msaidizi akaweza kuwa mhusika wa gemu nyingine kabisa za SNK, jambo ambalo kwa shabiki wa kampuni lilikuwa sikukuu. Lakini kwenye mechi yenyewe mambo yakageuka: kombo, yaani mapigo yanayofuatana bila mpinzani kupumua, zikaanza kujengwa juu ya msaidizi, na mchezaji aliyepo ulingoni akawa kama anangoja kusaidiwa. 2001 wakaenda mbali zaidi. Watu wanne, wewe unaamua wangapi wapigane na wangapi wasaidie. Unaweza kupigana na wote wanne, au mmoja apigane na watatu wawe wasaidizi. Uhuru mkubwa, ila lile shinikizo la "wa kwanza, wa pili, wa mwisho" likayeyuka.

Na nyuma ya pazia nyumba ilikuwa inaungua. SNK walifilisika 2001. KOF 2000 ndiyo ya mwisho ya SNK ile ya zamani. KOF 2001 ilitoka kwa msaada wa kampuni ya Korea, Eolith. Mwanzilishi wa SNK, Eikichi Kawasaki, alikuwa amefungua kampuni nyingine iitwayo Playmore. Ikanunua haki za gemu zake, ikaitwa SNK Playmore, na mwaka 2016 ikarudi kuitwa SNK tu.

Katikati ya misukosuko hiyo wakafanya kitu cha busara: KOF 2002 ikawafuta wasaidizi, ikarudisha watatu kwa watatu, bila hadithi, kama '98. Hadi leo watu wanabishana ipi bora kati ya '98 na 2002, na ubishi huo haupo kati ya '98 na 2000. Angalia hapo, Kula, kisha uniambie.

2003 ikaleta kubadilishana wachezaji katikati ya pigano. Ndiyo iliyokuwa KOF ya mwisho kwenye mashine za Neo Geo, na ikamleta Ash Crimson, kijana wa Kifaransa mwenye moto wa kijani aliyekuja kuiba nguvu za wengine. XI ya 2005 ikaendeleza mfumo uleule kwa ufundi zaidi. XI naiheshimu. Ila ukibadilishana wakati wowote, mpangilio unakuwa hauna maana tena, na kila nilipoicheza nilihisi nipo kwenye gemu nzuri ya mtu mwingine.

#8 Msafiri wa Ghuba

Mimi nipo Ghuba kwa kazi, na huku KOF ina wapenzi wake, wengine watu wazima. Umesahau Najd, yule mhusika wa Kisaudi, au unakuja naye?

#9 mtoto_wa_chumbageni

Nakuja naye. Kwanza XII na XIII.

XII (2009) iliniuma. SNK waliamua kuchora wahusika wote upya kwa mkono, wakubwa, wenye misuli inayotembea. Picha nzuri sana. Lakini kazi ile ilikula muda na pesa, na gemu ikatoka na wahusika ishirini tu kwenye mashine za sarafu, ishirini na mbili nyumbani. Bosi wa mwisho hayupo. Hadithi hakuna. Hata Mai Shiranui hayupo! KOF bila Mai. Ilikuwa nyumba iliyopakwa rangi kabla ya kuezekwa.

XIII (2010 kwenye mashine za sarafu, na mwishoni mwa 2011 nyumbani) ilichukua michoro ileile ikaimalizia nyumba. Mai akarudi, hadithi ya Ash ikafungwa, na ile kanuni ya tatu, nne, tano ikarudi kwenye mita ya nguvu. Watu watatu, zamu kwa zamu, bila kubadilishana. Kwenye Evo, shindano kubwa la gemu za ngumi kule Las Vegas, mwaka 2012, ilikuwa ukumbini pamoja na majina makubwa, na watu waliokuja kutazama Street Fighter walisimama kuipigia kelele. Miaka miwili baadaye akaibuka bingwa Xiaohai, Mchina aliyekulia kwenye kumbi za mashine za KOF. Mtu wa '97 alikuja kuchukua kombe la XIII.

XIV (2016) iliacha uchoraji wa mkono ikaingia kwenye umbo la 3D. Mwonekano wake mwanzoni ulilalamikiwa, na malalamiko yalikuwa ya haki. Baadaye walitoa sasisho lililousafisha. Ila idadi: wahusika hamsini siku ya kwanza, timu kumi na sita za watatu watatu na mabosi wawili. Walijua waliwakosea watu kwenye XII, wakalipa deni na riba. Mwaka 2018 akaongezwa Najd, binti wa Saudi Arabia, aliyetokana na shindano la ubunifu wa wahusika lililofanyika hukohuko. Msafiri, hilo nalo lina muktadha. Kuanzia mwishoni mwa 2020 kampuni iliyo chini ya taasisi ya Misk, ya Mwanamfalme Mohammed bin Salman, ilianza kununua hisa za SNK, na kufikia 2022 ilimiliki zaidi ya asilimia 96. Kwa hiyo KOF ya Osaka leo inamilikiwa Riyadh. Wapo mashabiki wanaolikataa kabisa jambo hilo kwa sababu za haki za binadamu, na siwalaumu, ni suala zito. Wapo wanaosema pesa hiyo ndiyo iliyoiweka hai kampuni. Mimi linanisumbua, na bado nimeinunua gemu.

XV ikatoka Februari 2022. Wahusika 39, timu kumi na tatu. Mfumo wake wa intaneti umeboreshwa, ule unaokisia hatua ya mpinzani kisha kujirekebisha. Kwa sisi wenye bando la kusuasua huo ni msaada wa kweli, kwani XIV kwa mtandao ilikuwa kama kupigana ndani ya uji. Na kwenye skrini ya kuchagua, timu moja: Kyo, Iori na Chizuru. Timu rasmi. Wale waliolazimishwa na Orochi mwaka 1997 sasa wamejiandikisha pamoja tena, kama walivyofanya kwenye 2003. Nilipoiona nilimpigia simu rafiki yangu wa kibandani, yuko Morogoro sasa, tuliongea saa nzima.

#10 Fundi Pedi

Umeshusha nondo, mkuu. Swali langu la mwisho: nina mdogo wangu wa miaka kumi na nne, anacheza gemu za mpira tu. Nimwanzishe na ipi? Na je, akina Terry wako kwingine pia?

#11 mtoto_wa_chumbageni

Wako, na wametembea sana. Capcom vs. SNK ya 2000 na ya pili yake ya 2001 ziliwakutanisha Ryu na Kyo waziwazi. Terry aliingia Super Smash Bros. Ultimate mwishoni mwa 2019, na Street Fighter 6 ikamchukua Terry mwaka 2024 na Mai 2025. Ile safari ya kuvunja kalenda iliyoanza 1994 sasa imevunja na kuta za kampuni.

Mdogo wako mwanzishe na '98. Lipo toleo lililoboreshwa la 2008, '98 Ultimate Match, linachezeka hata kwenye kompyuta dhaifu. Mkae wawili, pedi mbili. Usimfundishe supa siku ya kwanza. Mwambie achague watatu kwa sura tu, wale anaowapenda, kisha muulize nani aanze na nani amalizie. Mwache akosee mpangilio wiki nzima. Siku atakayobadilisha wa mwisho kwa hiari yake bila wewe kumwambia, mfundishe mruko mfupi.

Mpangilio wangu wa '98 tangu nikiwa mtoto: Benimaru, Iori, Daimon. Yule kaka wa Tanga ndiye aliyeniachia Daimon. Semeni wenu.

#12 Bahari254

Iori wa kwanza, Chizuru, Terry mwisho. Najua Iori angefaa nyuma, lakini siwezi kumngoja.